Asubuhi Nilikuwa Mzima

Barua ya ofisi ya elimu ilikuwa na mistari sita tu. Ilisema kwamba mimi, Mwalimu Tryphena wa darasa la tatu, nimeonekana mara kwa mara nikiwa mlevi saa za kazi, mbele ya wanafunzi, na kwamba nifike mbele ya kamati Ijumaa, tarehe ishirini na saba Oktoba 1995, nijieleze, ama niachishwe kazi. Kama nadai ni ugonjwa, nilete fomu iliyojazwa na daktari. Fomu yenyewe ilikuwa imebanwa kwa pini nyuma ya barua.

Mlevi! Mimi! Sijifanyi malaika. Nina mdomo, na hilo Mwatate nzima inalijua; wauza nyanya wa soko lile wakiniona nakuja wanapanga nyanya upya. Lakini pombe sijawahi kuitia kinywani. Nimekulia Bura, karibu na misheni, mtoto wa mzee ambaye pombe ya miwa haikukosa nyumbani kwake, na nilipofika umri wa kuelewa niliapa kwamba mimi na kata ya pombe hatutajuana. Sasa nikaandikiwa barua.

Ilianza Februari mwaka huohuo. Kwanza kope la jicho la kushoto, likawa linashuka mchana lenyewe tu, nalirudisha kwa kidole, linashuka tena. Halafu sauti ikahamia puani. Nasoma hadithi na watoto, tukifika ukurasa wa pili nasikia maneno yanatoka yamelegea, hayana mifupa. Nikiandika ubaoni mkono unaanguka kabla sentensi haijaisha. Nyumbani nikitafuna nyama taya inachoka katikati, nabaki nimeshika kidevu kwa mkono, na maji nikinywa yanarudi kwa pua. Jioni natembea nikishikilia ukuta. Watu wakaona. Nani angesema ni kitu kingine? Jicho nusu, ulimi mzito, miguu inapishana. "Mwalimu amepiga mbangara," wakasema, yaani pombe yetu ya miwa, na kwa kweli hata mimi ningeona mtu hivyo ningesema hivyohivyo.

Mwalimu mkuu wetu, Thadeus, hakuwa mtu mbaya. Aliniita ofisini siku moja baada ya chakula cha mchana, akafunga mlango, akasema kwa upole, "Mwalimu, kama kuna shida nyumbani, sema. Hata mimi nilikuwa nakunywa zamani." Nilimjibu. Nilimjibu maneno mengi na makali, na kila moja lilitoka puani limelegea, kama la mtu aliyeshinda kilabuni tangu asubuhi. Nikaona uso wake ukibadilika. Mwezi mmoja baadaye barua ikaja, na nikajua habari wamezipata kwa nani.

Hapo nilikuwa nimeshazunguka miezi minane. Nilikuwa na kadi tano za hospitali kwenye mfuko wa plastiki, kila kadi na ugonjwa wake. Ya kwanza iliandikwa malaria. Nikapewa klorokwini, na wiki hiyo hata shingo ikakataa kubeba kichwa. Ya pili ilisema homa ya matumbo. Ya tatu macho, nikapimiwa miwani. Asante sana, sasa nikawa naziona vizuri kope zangu zikishuka. Ya nne upungufu wa damu. Ya tano ilitoka Mombasa, ambako nilipigwa picha ya kichwa na kutolewa damu chupa nne, na daktari akasema huna kitu, mama, ni mawazo. Akaniuliza kama mume wangu hunipiga. Crispus, maskini, alikuwa nje kwenye benchi amenishikia pochi yangu mapajani.

Wacha niseme kosa letu, maana lilikuwa letu, tusimsingizie mtu. Kwetu sisi hospitali ni asubuhi. Mgonjwa hufika jua halijatoka, ashike nafasi ya mbele. Crispus ni karani wa shamba la mkonge, mtu wa mipango, na alipanga sawasawa. Siku moja kabla ya daktari nisifanye kazi yoyote. Nilale. Nisipike, nisifue, hata kuongea nisiongee sana. "Mama Austin, pumzika, upate nguvu za kujieleza," alikuwa akiniambia. Kama ni Voi, tulilala kwa binamu yake Pauline, karibu na stesheni, alfajiri ninaoga, ninachana nywele, saa mbili niko mbele ya daktari. Na daktari anaona nini? Mwanamke ameoga, macho yako wazi, sauti yake ni kengele. Inua mkono. Nainua. Kaza ngumi. Nakaza. "Mbona uko sawa?" Namwambia jioni ndiyo inanishika. Anaandika huku akinijibu, "Basi jioni upumzike." Watano walinijibu hivyo, mmoja mmoja, kama waliokubaliana. Nilikuwa nimechoka ugonjwa, lakini kuchoka kutoaminika ni kubaya zaidi, na kuna siku nilijiuliza kama kweli sina kitu, kama ni mimi tu najitungia.

Jumapili kabla ya kamati Baba alitufuata mwenyewe. Mzee Mwandawiro hapandi gari ovyo. Aliteremka kutoka Bura na kibuyu chake, akakaa kwenye kigoda uani kwetu, akanitazama jioni ile yote. Alinitazama nikila. Aliona ugali ukinishinda. Mwishowe akasema, "Tryphena, huyu ni mimi."

"Wewe vipi, Baba?"

"Nina hasira na wewe. Siku ile ulipomwaga mtungi wangu mbele ya wakwe zangu. Mwaka wa sita huu. Nilisema nimesamehe, lakini moyoni imekaa."

Wadawida, yaani sisi Wataita, tunaelewa. Hasira ya mzazi ikikaa moyoni bila kutolewa, hata kama mwenyewe hataki, humletea mtoto ugonjwa. Dawa yake ni kutasa: mwenye hasira huchukua kinywaji mdomoni, akakipuliza na huku akitamka maneno ya kuitoa hiyo hasira nje na kuomba heri. Padri wetu hapendi habari hizo. Mimi pia nilikuwa nikizifundisha darasani kama mila za zamani, na mtihani unaletwa, na watoto wanapata alama. Lakini nilipomtazama yule mzee na kibuyu chake mapajani, nikashindwa kusema mila za zamani. Miezi minane, na huyu ndiye mtu wa kwanza kuamini kwamba naumwa.

Jumanne alfajiri, siku niliyokuwa napeleka fomu ya ofisi kwa daktari mpya Voi, Baba alinisimamisha uani nikiwa nimeshavaa. Akapiga funda la pombe ya miwa, akanipulizia kifuani. Akasema hasira itoke, iende na maji ya mto, mtoto awe mzima, awe mtulivu. Akapiga funda la pili, akanipulizia mabegani na shingoni. La tatu kichwani. Alikuwa analia, na mimi nikalia. Akaniomba kitu kimoja tu: nisijifute wala nisibadilishe nguo mpaka jua lizame. Ningemkatalia vipi? Crispus alikohoa kidogo, akatazama saa yake.

Hebu fikiria sasa. Saa mbili na nusu niko chumbani kwa daktari, katika hospitali moja ya binafsi ambayo siitaji jina, nimelala vizuri, macho yangu wazi, sauti yangu safi, gauni langu la kanisani limelowa pombe kuanzia kola hadi kiunoni. Nampa fomu inayouliza kama mtu huyu ni mlevi.

Daktari alikuwa kijana, mwenye adabu. Alivuta pumzi mara moja, akasogeza kiti nyuma. Nilianza kumweleza habari za baba yangu. Jinsi nilivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kutikisa kichwa kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyonimaliza. Alinipima dakika tano. Akajaza fomu, akapiga muhuri, akaitia kwenye bahasha. Nilipofika kwenye benchi la ukumbini niliifungua, sikungoja ruhusa ya mtu. Alikuwa ameandika kwamba misuli yangu ina nguvu za kutosha, na kwamba nilifika nikinuka pombe saa mbili na nusu asubuhi. Tatizo: pombe.

Ndiyo dawa niliyoitafuta miezi minane. Nimeifuata mwenyewe, nimelipa, nikagongewa muhuri.

Crispus alisema twende nyumbani. Nikasema siondoki. Akasema, "Mama Austin, tafadhali." Nikamwambia aende yeye. Nikasimama mlangoni kwa daktari, nikasema aandike upya. Akasema hawezi kuandika asichokiona. Nikasema basi nitakaa hapa mpaka akione. Haki ya Mungu sikuwa na mpango wowote. Ilikuwa hasira tu. Askari wa mlangoni alikuja, akaniomba nitoke, nikamuuliza anaitwa nani na alisomea wapi, akarudi kwenye kiti chake. Wagonjwa walinipisha nafasi kwenye benchi, kwa sababu ya ile harufu.

Nikakaa. Saa nne, saa tano, saa sita. Niligombana na karani wa kadi. Niligombana na mwanamke aliyesema kwa sauti kwamba walevi wana hospitali yao. Saa saba Crispus alileta chai na mkate, na mkate sikuweza kuumaliza. Saa nane kope zilianza. Saa tisa nilikuwa nimeinamia magoti, mkono mmoja umeshika taya, kidole cha mkono wa pili kinainua jicho la kushoto nimwone daktari akitoka. Gauni lilikuwa limeshakauka. Sikuwa na nguvu tena hata ya kununa.

Mtu mmoja alipita amevaa nguo za kijani za chumba cha upasuaji, amemaliza kazi, anakwenda zake. Akapita. Halafu akarudi nyuma hatua mbili, akachutama mbele yangu.

"Mama, mbona umejishika hivyo?"

Nikamjibu, na yakatoka yale maneno yasiyo na mifupa. Crispus akaanza kunisemea. Yule mtu akamwonyesha kwa mkono angoje. Akaniuliza mwenyewe, polepole, "Asubuhi ulikuwa hivi?"

Jamani. Madaktari sita, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kuhusu saa. Nilitikisa kichwa kusema hapana, na machozi yakanitoka kwa jicho lililofungika na lililofunguka.

Aliitwa Mwanzia. Kazi yake ni kuwalaza wagonjwa usingizi kabla ya kupasuliwa, na kuwaamsha. Alinambia nitazame dari bila kupepesa. Nikatazama, kope zote mbili zikaanguka chini, kama pazia lililokatika kamba. Aliniinua mikono yote miwili mbele, akahesabu. Kabla ya kufika ishirini ilikuwa mapajani. Akaenda kumwita yule daktari kijana, akamsimamisha pale.

"Mtu wa pombe hulegea halafu akapata nafuu akikaa," akamwambia. "Huyu amekaa siku nzima akazidi. Mimi naona hali kama hii kila siku, dawa ya kulegeza misuli ikiwa haijaisha mwilini. Ile sindano ninayowapa wagonjwa wangu ili misuli irudi, tumpe yeye tuone."

Wakanilaza. Aliniambia tumbo litanisokota kidogo nisiogope. Likasokota. Nikalala natazama kwa ule ufa mdogo uliobaki chini ya kope, naona viatu vya Crispus vikienda na kurudi. Baada ya dakika kama ishirini nikaona magoti yake. Halafu mkanda. Halafu nikamwona uso, amejikunyata ukutani, na alikuwa mzee kuliko nilivyomwacha asubuhi.

"Crispus," nikasema, "mbona hujala?"

Sauti yangu. Safi. Crispus alikaa chini sakafuni, mtu mzima na suruali yake ya kazi, akajifunika uso.

Mwanzia aliniandikia jina kwenye karatasi: myasthenia gravis. Sikuweza kulitamka wakati ule, siwezi vizuri hata sasa. Alisema kila mwili una askari wake wa kuulinda, na wangu wamegeuka wanapiga nyumba yao wenyewe, pale mshipa wa fahamu unapoagiza msuli kufanya kazi. Nikipumzika, agizo hupita. Nikitumia misuli, linakatika njiani. Ndiyo maana asubuhi mimi ni mzima. Nikauliza nitapona lini. Alisema si ugonjwa wa kupona kama malaria. Kuna vidonge vya kunisaidia, vitatoka Mombasa, na lazima nimwone bingwa Nairobi, na siku kifua kikianza kuchoka kuvuta pumzi nikimbizwe hospitali bila kungoja kuoga. Nililia. Watu walidhani ni furaha. Nilikuwa nimetafuta jina kama mtu anayetafuta mlango, na mlango wenyewe ulifunguka kwenye chumba ambamo sitatoka.

Yule daktari kijana alikata neno pombe kwa mistari miwili, akaandika jina jipya juu yake, akatia sahihi. Aliniomba radhi. Sindano ilinipa sauti ya saa mbili tatu tu, nikaona nisiitumie kwake.

Pauline alishinda akiwapigia simu watu wa Mombasa hadi Alhamisi vidonge vikafika. Ijumaa kamati ilikaa saa tatu asubuhi, katika ofisi ya mwalimu mkuu. Walikuwa watatu: mwenyekiti kutoka ofisi ya elimu, mwanamke mmoja wa kuandika, na Thadeus pembeni kama shahidi. Mwenyekiti alisoma fomu akiiinua kwenye mwanga.

"Hapa kuna neno limekatwa," akasema.

"Ndiyo."

"Lilikuwa pombe."

"Ndiyo."

"Na hili lililoandikwa juu, mimi sio daktari, Mwalimu, sijui kulisoma. Ninachoona mbele yangu ni mtu mzima kabisa."

Nilijua watasema hivyo. Ningeshangaa wasiposema. Kidonge cha asubuhi sikukimeza. Crispus alikuwa nje ya mlango nacho mfukoni, amenikasirikia hadi hataki kunitazama, kwa sababu nilikuwa nimemwambia kwamba leo nitawaonyesha. Rejista ya darasa langu ilikuwa mezani. Nikaichukua, nikasimama, nikainua mkono wa kulia juu kama niko ubaoni, nikaanza kusoma majina ya watoto.

Hamsini na wawili. Nilisoma yote, sauti yangu ikajaa ile ofisi. Mwenyekiti akasema, "Mwalimu, sijui unafanya nini." Nikarudi mwanzo. Mara ya pili mkono ulianza kushuka, nikauinua, ukashuka. Mara ya tatu majina ya ukurasa wa pili yakahamia puani. Yule mwanamke akaacha kuandika. Mara ya nne kope la kushoto likafunga, nikalishika kwa kidole nikasoma kwa jicho moja, na majina yalikuwa hayajulikani tena ni ya nani, ni mlio tu, na mate yakanitoka pembeni ya mdomo mbele ya watu watatu wenye suti. Aibu niliisikia, sitadanganya. Mwenyekiti akasema, "Inatosha, mama." Sikuacha. Kwa miezi minane hakuna aliyetaka kuona, sasa wataona mpaka jina la mwisho.

Thadeus ndiye aliyeinuka. Aliitoa rejista mikononi mwangu taratibu, akaniketisha. Mwenyekiti alifunga faili. Alisema kazi yangu iko palepale, na kwamba wataona namna ya kunipa vipindi vya asubuhi peke yake, kisha akatoka haraka, yule mwanamke nyuma yake.

Thadeus alibaki. "Nisamehe, Mwalimu," akasema. "Ni mimi niliyewaandikia."

Jamani, nilikuwa nimemwandalia! Kila usiku miezi ile nilikuwa nikipanga nitakachomwambia mtu huyu siku ukweli ukijulikana, neno kwa neno, na mengine hayaandikiki. Nikafungua mdomo. Hakukutoka kitu. Taya ikaning'inia tu.

Alishika kofia yake aende. Nikamdaka mkono wa shati. Nikavuta karatasi ya mezani, nikaandika kwa herufi za mtoto wa darasa la kwanza: NGOJA. Crispus akaingia, akasaga kidonge kwa kijiko, akakikoroga kwenye maji, akaninywesha kidogo kidogo, na mengine yakarudi kwa pua. Thadeus akakaa. Kengele ya mapumziko ikalia, watoto wakatoka, wakarudi darasani. Zaidi ya nusu saa alikaa pale, kofia mapajani, anangoja kutukanwa.

Sauti ilirudi polepole. Nikatafuta yale matusi, na nguvu za kuyabeba hazikuwepo.

"Nilikuwa naumwa, Mwalimu," nikamwambia.

"Ndiyo," akasema Thadeus. "Ulikuwa unaumwa."